Mwanakombo na Maji ya Raskazone

Nakumbuka asubuhi moja ya ujana wangu, mwanangu unayenisoma, ambayo hadi leo nikiifikiria ninainamisha kichwa, ingawa wengi walioiona wamekwisha tangulia mbele ya haki. Nilikuwa nimesimama kando ya kiwanja cha mpira huku kwetu Makorora, Tanga, filimbi shingoni, saa mkononi, na mke wangu Mwanakombo anakimbia kukizunguka kiwanja kile. Amevaa dera juu ya suruali, ushungi umelowa jasho, na watu wanaotoka msikitini wanapita wakitazama. Alipofika mbele yangu akapunguza mwendo. Nikapuliza filimbi. Nikamwambia bado mizunguko miwili. Akaendelea, na kwenye kona ya goli la pili mguu wake ukaingia shimoni, akaanguka.

Nikueleze tulifikaje pale, maana hakuna mtu anayeamka tu siku moja akawa mjinga kiasi hicho. Ujinga hujengwa kidogo kidogo.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Mchana nilikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha kamba za mkonge, jioni nacheza mpira, winga wa kulia. Nilikuwa napenda kukimbia vile wengine wanavyopenda kula. Alfajiri nikishaswali natoka, nafika mpaka njia ya Pongwe, narudi, naoga, naenda kazini nikiwa mwepesi. Sikuwahi kujilazimisha. Na kwa kuwa sikujilazimisha, nikaamini kwamba kila asiyekimbia ni mvivu.

Mwanakombo alikuwa ametoka kujifungua mtoto wetu wa pili, na ujauzito ule ulikuwa nusura umchukue. Presha ilimpanda hadi macho yakawa hayaoni vizuri, akalazwa wiki tatu. Mtoto alitoka salama, alhamdulillahi, na mama akatoka salama, lakini presha ile haikushuka kama walivyotarajia. Daktari, mama mmoja mpole, alituita wote wawili. Akatueleza kuhusu dawa, akatueleza kuhusu chumvi, kisha akasema Mwanakombo aupe mwili wake kazi karibu kila siku. Atembee, acheze, alime, afanye chochote cha kumtoa jasho, muhimu ni kwamba asiache. Daktari alisema chochote. Mimi nikasikia kukimbia.

Nilikuwa na hofu, mwanangu. Hilo nalisema ili usinione mtu mbaya tu. Nilikuwa nimemwona amelala pale wodini uso umevimba, nikaahidi kwamba sitamwacha afe kwa uzembe. Basi nikanunua filimbi. Nikatengeneza ratiba, nikaibandika ukutani: mizunguko mitano wiki ya kwanza, saba wiki ya pili, kumi wiki ya tatu. Nikawa namwamsha mimi, namhesabia mimi, namkaripia mimi. Siku nyingine alisema kichwa kinauma, nikamwambia ni visingizio. Siku nyingine alisema anaona aibu kukimbia mbele za watu, nikamwambia aibu haitibu presha.

Mara moja walikuja kaka zangu kula chakula cha mchana, mmoja akauliza mgonjwa anaendeleaje. Nikajibu kwa sauti, naye yuko mlangoni na sinia la wali, kwamba mgonjwa angekuwa amepona zamani kama si uvivu. Kaka zangu wakacheka. Mwanakombo akaweka sinia chini taratibu, akakaribisha wageni, akarudi jikoni. Mimi nikadhani amekubali.

Hiyo ndiyo njia tuliyopita mpaka kufika kwenye shimo la goli la pili. Kifundo cha mguu kilivimba, nikambeba kwenye keria ya baiskeli mpaka nyumbani. Njiani alikuwa ameshika tandiko, hakunishika mimi. Baada ya siku nne, alipoweza kukanyaga, akaniomba ruhusa aende kwao Mkwaja akapumzike. Aliwachukua watoto wote wawili. Nikamwuliza atarudi lini. Akasema mguu ukipona. Lakini aliondoka na nguo zake zote.

Ule mwezi niliokaa peke yangu, nyumba ilikuwa na ukimya ambao sikuuzoea. Niliendelea kukimbia kila alfajiri, na kwa mara ya kwanza maishani mbio hazikunipa raha. Mwisho nikaomba likizo, nikapanda basi mpaka Pangani, nikavuka mto kwa kivuko, nikapata lori la kunifikisha Mkwaja.

Nyanya yake, Bi Mwanasha, ndiye aliyemlea. Nilimkuta amekaa barazani anasuka ukili wa mkeka, mikono inakwenda yenyewe. Yule bibi alikuwa na kawaida ya kuniita mume wangu, kwa ule utani wetu wa bibi na wajukuu, na kila nilipofika alikuwa akinidai tumbaku. Nikamsalimu, "Shikamoo, bibi." Akaitikia marahaba, akaniambia nikae. Hakuniita mume wangu, wala hakunidai tumbaku.

Nikamwuliza Mwanakombo yuko wapi. Akaelekeza kidevu upande wa pwani.

Nilishuka huku naangalia mchangani. Ilikuwa asubuhi, maji yamejaa. Niliona kanga zimekunjwa juu ya jiwe, nikatambua moja kuwa ya mke wangu, lakini yeye simwoni. Kisha nikaona kichwa. Kilikuwa mbali, mwanangu, mbali kuliko mahali ambapo mimi ningethubutu hata kwa mawazo, maana mimi nimezaliwa mjini na kuogelea sijui mpaka leo. Kichwa kinazama, kinaibuka. Nikavua viatu, nikaingia mpaka magotini, nikaita jina lake hadi koo likauma. Nilikuwa na hakika namwona mke wangu anakufa.

Hakuwa anakufa. Alikuwa anaogelea sambamba na ufuko, mkono huu na mkono ule, bila haraka, na aliponisikia aligeuka akaja. Alipotoka majini, nguo zimemganda, alikuwa anahema vizuri, usoni ana rangi ambayo sikuwa nimeiona tangu kabla ya ule ujauzito. Akaniuliza kwa nini ninapiga kelele. Nikampa kanga yake.

Tulipanda wote nyumbani, naye akaingia ndani kubadili. Ndipo Bi Mwanasha akaweka ukili pembeni. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ameitua ile kazi mchana.

"Bakari," akasema, "huyu mtoto tangu ana miaka sita anaingia majini kila siku. Umemwoa mwaka wa ngapi huu?"

"Wa tano, bibi."

"Katika miaka mitano umewahi kumwuliza anapenda nini?"

Nikamwambia nilichotaka mimi ni apone tu. Nikamweleza ya daktari, nikamweleza ya wodini. Aliniacha nikamaliza, kisha akasema, "Ulitaka apone kwa miguu yako wewe. Yeye ana miguu yake." Akachukua ukili wake, akaendelea kusuka. Hakulirudia neno lile hadi anaingia kaburini. Nimekaripiwa na watu wengi maishani, na mabwana wakubwa wa kiwandani, lakini nikiulizwa karipio ni lipi, nakumbuka lile la barazani Mkwaja.

Nilikaa siku tano. Kila asubuhi nilishuka na mke wangu pwani, nikakaa mchangani na watoto, yeye akaogelea. Siku ya sita akafunga nguo zake mwenyewe, tukaondoka. Kwenye kivuko cha Pangani, tukiwa tumesimama tunashika ukingo, mtoto mdogo mgongoni kwake na Zaina mkubwa ameshika suruali yangu, nilimwuliza swali ambalo nilipaswa kuuliza miaka mitano nyuma. Nilimwuliza angependa mwili wake aufanyishe kazi gani.

Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, kivuko kikakaribia kugusa upande wa pili.

"Kuogelea," akasema. "Lakini mjini nitaogelea wapi, na watu wakiniona?"

Tukaanza kutafuta. Mwanzoni tulikosea. Tulipanga kila siku, ikashindikana, maana watoto wadogo hawajui ratiba. Tulipanga saa moja ileile, ikashindikana, maana maji nayo yana saa zake, leo yamejaa alfajiri, wiki ijayo alfajiri ni tope tupu. Safari hii sikubandika kitu ukutani. Mwanakombo ndiye aliyesema zitoshe siku tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, na kwamba maji yakiwa yametoka, basi tutatembea ufukweni muda uleule, turudi. Kwake siku ilikuwa siku. Mvua ikinyesha atakwenda, atalowa vilevile. Akiwa na mafua atakwenda atembee tu. Mwezi wa Ramadhani aliacha maji, tukawa tunatembea baada ya alasiri, polepole, tukizungumza. Alishonesha suruali pana na kanzu ndefu ya kitambaa chepesi, akafunga ushungi kwa pini, na tukapata sehemu kwenye ufuko wa Raskazone ambapo asubuhi watu ni wachache. Majirani walisema. Walisema wiki mbili, wakachoka.

Mimi nilimpeleka kwa baiskeli, amekaa keria, mkono wake kiunoni pangu. Kutoka Makorora mpaka Raskazone asubuhi, mji haujaamka, harufu ya mikate inatoka kwenye tanuri, na yeye nyuma yangu anahadithia aliyoyaota. Nikimfikisha naweka baiskeli, nakimbia barabara ya ufukweni mpaka amalize. Kila mtu na lake, kisha tunarudi pamoja. Mwanangu, kama ningeambiwa nichague asubuhi moja nirudishiwe, nisingechagua ya harusi yangu. Ningechagua Jumatano yoyote ile isiyo na jambo.

Dawa hakuacha, na daktari hakumwambia aache, lakini mwaka wa pili zilipunguzwa, na yule mama daktari alimuuliza kwa mshangao amefanya nini. Mwanakombo akanitazama, akatabasamu, akasema ameoga baharini.

Baadaye akajiunga naye jirani yetu Mama Elia, Msambaa wa Lushoto, Mlutheri, mwanamke mkubwa mwenye kicheko kikubwa, aliyeletwa Tanga na kazi ya mumewe. Huyo maji ya bahari alikuwa akiyaogopa kama moto. Mwezi mzima alisimama maji ya kifundo cha mguu akishika sketi. Mwanakombo hakumvuta wala hakumcheka. Alikuwa anaogelea zake, akirudi anasimama naye kidogo wanapiga soga. Mwezi wa nne Mama Elia alikuwa anaelea.

Miaka ikaenda. Nilipofika arobaini na minane tukacheza mpira wa wazee siku ya sikukuu, goti langu la kulia likageuka upande lisikopaswa kugeuka. Daktari akasema mbio basi. Nami nikawa kama mtu aliyefungiwa mlango wa nyumba yake. Nilikaa. Miaka miwili nilikaa, nakula, natazama mpira kwenye televisheni, tumbo linakuja mbele, na baiskeli sasa Mwanakombo anaendesha yake mwenyewe. Nikapimwa, sukari ikaanza kuonekana. Nikasema ni uzee. Nilikuwa na miaka hamsini.

Angeweza kununua filimbi, mwanangu. Ilikuwa haki yake. Angeweza kuniita mvivu mbele ya kaka zangu. Siku moja alikaa kitandani upande wangu, akaniuliza ningependa mwili wangu niufanyishe kazi gani. Nikamjibu kwa uchungu kwamba sijui, nilichokuwa nakipenda kimekwisha.

"Basi tutafute," akasema.

Tukatafuta karibu mwaka. Tulijaribu kulima bustani kwenye kipande chetu cha Pongwe, nikapenda kulima, lakini kuinama goti halikupenda. Tulijaribu kutembea barabarani, goti likavimba. Nilikata tamaa mara mbili, na mara zote mbili aliniacha siku chache, kisha akaja na wazo jingine kana kwamba hakuna kilichoshindikana. Mwisho akaniambia niingie majini. Nikamkumbusha kwamba siogelei. Akasema hakuna aliyesema niogelee.

Nikaingia Raskazone nimemshika mkono kama mtoto, nina miaka hamsini na moja, Mama Elia anacheka kutoka huko aliko. Maji yalipofika kiunoni Mwanakombo akasimama, akasema hapa panatosha, sasa tembea. Nikatembea. Maji yanakusukuma nyuma, nawe unayasukuma mbele, jasho linatoka lakini hulioni, na goti halilii. Nilikwenda mpaka kwenye mawe nikarudi. Nilipofika kwake nilikuwa nahema vile nilivyokuwa nikihema njia ya Pongwe nikiwa kijana. Nilisimama pale majini, na yeye akajifanya anatengeneza ushungi wake ili asinitazame.

Tangu siku hiyo, miaka kumi na nne, siku tatu kwa wiki, mimi kiunoni natembea, yeye huko kwenye kina kichwa chake kinazama na kuibuka. Nilikuwa natembea huku nakitazama. Sikuwahi kumwambia kwamba nilikuwa nahesabu kila kinapoibuka.

Mwaka juzi aliugua. Haikuwa presha. Moyo wake, walisema, ulikuwa moyo wa mtu mwenye umri mdogo zaidi. Ulikuwa ugonjwa mwingine, ule usiouliza mtu anafanya mazoezi au hafanyi, na nakuambia hili kwa sababu sitaki nikudanganye kwamba mazoezi ni mkataba na Mwenyezi Mungu. Alikaa nao miezi mitano. Karibu na mwisho, alipokuwa hawezi tena kusimama, alikuwa akiniuliza leo ni siku gani, na nikisema Jumatano ananiambia niende, nisikae naye. Nilikwenda, nikatembea haraka, nikarudi kumweleza maji yalikuwaje. Alitaka kujua yalikuwa ya baridi au ya joto, na nani alikuwepo.

Alipofariki niliacha. Miezi mitatu sikuuona ufuko. Kisha Jumamosi moja Mama Elia akagonga mlango. Naye amezeeka sasa, anatembea kwa fimbo akiwa nchi kavu. Hakunipa pole, alikwisha nipa nyingi.

"Baba Zaina, sisi tunakwenda. Maji yamejaa."

Nikachukua taulo. Siku ile nilitembea majini nikilia, na uzuri wa mahali pale ni kwamba uso wa kila mtu umelowa. Nimeendelea hadi leo. Natembea, natazama kule alikokuwa akiogelea, na nakuambia kweli, kuna asubuhi macho yanasubiri kichwa kiibuke. Hakiibuki. Najua hakiibuki. Nageuka kwenye mawe, narudi.

Lakini kinachoniuma zaidi, mwanangu, ni ule mwaka wa filimbi. Miaka yote mingine tuliishi vizuri. Huo mmoja ningekuwa na uwezo ningeurudia siku kwa siku, nimwamshe bila kelele, nimwulize kwanza.

Sasa binti yangu Zaina, mtu mzima, yuko Dar es Salaam, ana mashine ya kukimbilia sebuleni na nguo zimeanikwa juu yake. Kabla ya hiyo alikuwa na kamba ya kuruka, na kabla ya kamba alilipia mahali pa kunyanyua vyuma, akaenda siku sita. Ananiambia, baba, mimi sina nidhamu. Namjibu kwamba sijui kama hana nidhamu, ninachojua ni kwamba anafanya mazoezi ya watu anaowaona kwenye simu. Wewe unayenisoma, huenda nawe ni hivyo.

Basi nikuambie nilichokijua kwa kumwumiza mtu niliyempenda. Usianze kwa kuuliza mwenzako anafanya nini. Jiulize mwili wako ulikuwa na furaha wapi ulipokuwa mtoto, kabla hujaona aibu, uanzie hapo. Kama ni kucheza ngoma, cheza. Kama ni jembe, lima. Jaribu, ukikosea badili, wala usijione umeshindwa, maana kutafuta ni sehemu ya kazi. Ukishalipata lako, lipunguze mpaka liwe dogo la kuwezekana hata siku mbaya, kisha ulishike. Siku utakayoamka huna hamu, nenda ufanye nusu, lakini nenda. Umri ukilibadilisha, lilie, halafu utafute jingine, usikae miaka miwili kama mimi. Na ukiwa na mgonjwa au mpenzi unayetaka awe mzima, usimburute kwenye njia yako. Mwulize, kisha mpeleke anakotaka kwenda, umsubiri.

Nakuombea, mwanangu, Mola akupe pumzi ndefu na viungo vitakavyokutii mpaka uzeeni. Akupe kazi ya mwili utakayoiamkia kwa hiari. Akupe wa kwenda naye, na akuwekee miaka mingi ya kwenda naye, na siku mtakapotenganishwa akupe nguvu ya kwenda peke yako. Amin.